Daftari la Jini

Mwanatatu alimnunulia bintiye daftari lile pale mtaani Shika Adabu kwa kutaka thawabu, maana fedha za mauzo yake zilikuwa za kuwasaidia mayatima. Jaladani palichorwa jini mwenye mabawa, kiganja kakikunjua kama anayeomba. Chini ya kiganja palikuwa na mistari miwili: jina la mtoto, jina la mama.

Akaandika la bintiye, kisha lake. Wino haujakauka, moyo ukampiga paa. Jina la mtu na la mamake! Si ndiyo hayo waganga huyauliza wakitaka kumroga mtu?

"Astaghfirullah!"

Akatia kidole mate, akafuta kwa pupa. Wino ukatambaa, ukaingia kiganjani mwa jini.

Chumbani, bintiye aliyelala tangu adhuhuri akaitika, "Abee! Naja."

Mwanatatu hakuwa amemwita.