Kicheche Ajitaja Jina

Bonde moja lilikuwa na ukungu mzito, na kila alfajiri wanyama walizungumza humo bila kuonana wala kutajana majina. Kicheche, aliyekimbiwa na wote kwa uvundo wake, alipata humo raha kama ya ndotoni. Alimliwaza Digidigi aliyefiwa na mtoto, mpaka akaanza tena kucheka.

Siku moja Digidigi akasema, "Ndugu yangu, nina mimba. Nataka mwanangu achukue jina lako. U nani?"

Kicheche aliwaza. Akisema kweli, atakimbiwa tena.

"Mimi ni Kicheche," akanong'ona, akageuka aende zake.

"Keti," Digidigi akamwambia. "Ukungu huficha sura, hauzuii harufu. Nilikujua tangu siku ya kwanza. Nilingoja uniambie mwenyewe."