Mchwa Aliyeitwa Kuonja Mbao

Mashua kuukuu ya makasia ya Kenge ilioza ubao wa chini, na kesho yake wanyama wangeipanda kuvuka mto kwenda harusini. Kenge akamwita Mchwa amsaidie kuchagua ubao mpya. Mchwa alikuja mbio, mate yakimdondoka. "Leo fisi kakabidhiwa bucha!" alijiambia moyoni.

Akang'ata msonobari. "Huu, Bwana Kenge! Laini, mtamu! Chukua huu huu!"

Akang'ata mvule, akatema. "Ptu! Mgumu, mchungu! Huu tupa!"

"Ahsante sana, bwana mjuzi," alisema Kenge, akaubeba mvule.

Mchwa akaruka. "Nimesema huo haufai!"

"Haukufai wewe," alijibu Kenge huku akigongomea misumari. "Mimi sitaula, nitausafiria."