Palipochanika

Taa ilipasuka kwa kishindo, vipande vikaruka hadi kwenye viatu vya mgeni, na Mzee Vuta akatabasamu.

"Hii nzima," alisema.

Mgeni, mnunuzi aliyekuja kujionea kazi kabla ya kuagiza, aliokota kipande akakigeuzageuza. Zilikuwa taa za nyuma za pikipiki: mfuniko mwekundu unaopitisha mwanga, na kitako cheusi, plastiki kwa plastiki, zimeunganishwa kwa leza bila gundi wala skrubu. Kazi ya Mzee Vuta ilikuwa kuchagua moja kati ya zilizotoka, kuibana kwenye mashine, mfuniko huku, kitako kule, na kuvuta mpaka kieleweke. Ndipo lilipotoka jina.

Akabana ya kundi jingine. Hii haikupiga kelele. Iliachia taratibu, mfuniko ukabaki mzima, kitako kizima, kingo safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Basi hii ndiyo bora," mgeni alisema. "Haina hata ufa."

Mama Vurugu, aliyekuwa akipanga taa kwenye maboksi, alicheka mpaka akashika kiuno. "Bosi, kwa macho hayo utauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mwache mgeni wa watu," Mzee Vuta alisema, kisha akamgeukia yule bwana. "Zikishikana kweli, ukizivuta zinachanika pembeni, tena vibaya, lakini mshono hauachii. Hizi zilizoachana vizuri hazikuwahi kushikana. Zilikaa tu pamoja."

"Inakuwaje?"

"Kitendawili," Mama Vurugu alidakia.

"Tega," mgeni akasema, akiona haya kidogo.

"Napita kwa wa kwanza bila kumgusa, namchoma wa pili, wote wawili wanashikana."

"Leza."

"Umepata. Haya, wa kwanza asipomsogelea mwenzake, pakabaki nafasi ya unywele tu, nini kinatokea?"

Mgeni alikuna kichwa. Mzee Vuta akamjibia. "Wa chini anaungua peke yake. Wa juu hata hana habari."

"Na kwa nje?"

"Kwa nje huoni kitu. Inapendeza kuliko zote."

Akaandika alama ya mkasi kwenye boksi la kundi lile. Lirudi likasagwe.

Wakati wa chakula Mama Vurugu alivuta kiti karibu yake. "Wifi karudi?"

Mke wa Mzee Vuta alikuwa amekwenda kwa dada yake wiki iliyopita. Aliaga kwa maneno machache: anakwenda kufikiria kama atarudi.

"Atarudi tu," Mzee Vuta alisema. "Kwani tumegombana? Tangu nimuoe sijampandishia sauti, wala yeye hajanijibu. Waulize majirani. Sisi si kama wewe na mumeo, kila mara sufuria zinaruka."

"Zinaruka kweli. Juzi nimemfungia nje, akalala kwenye banda la kuku. Asubuhi kaingia na manyoya kichwani, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu tukaanza upya, maana aibu niliyompa ile si ndogo." Alimega mkate, akamtazama. "Wifi alipokuaga, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia safari njema."

Mama Vurugu aliacha kutafuna.

Jioni, alipokata kona ya mtaa wake, Mzee Vuta aliona dirisha la jikoni linawaka. Mlangoni palikuwa na viatu vya kike vimepangwa sambamba. Harufu ya vitunguu ilimpokea, na moyo wake, uliokuwa juu juu wiki nzima bila yeye kukubali, ukashuka mahali pake. Kesho Mama Vurugu atakosa pa kuweka uso.

"Umerudi," alisema.

"Nimefika tangu mchana. Pole na kazi."

"Nimeshapoa."

Mashati yake yalikuwa yamepigwa pasi, yamekunjwa juu ya kiti. Mkewe alipakua, akaketi mbele yake, wakala. Mzee Vuta akamsimulia habari za mgeni aliyetaka kununua taa mbovu kwa sababu ya usafi wake, naye akacheka palipostahili kuchekwa. Kuna swali lilimjia mdomoni, mkewe alifikiria nini kule kwa dada yake, akaona asiharibu jioni. Akaomba maji. Akaletewa.

Mke aliosha vyombo, akafuta meza, akafuta mikono. Akatoa ufunguo wa nyumba kwenye mkoba, akauweka kando ya glasi.

"Chakula cha kesho kiko kwenye friji," alisema. "Dada ananingoja na gari kule barabarani. Ubaki salama, Baba Watoto."

Mzee Vuta aliutazama ufunguo.

"Haya," alisema. "Safari njema."

Gari lilipoondoka aliwasha taa za vyumba vyote, kimoja baada ya kingine, akaanza kukagua. Upande wa mkewe kabatini ulikuwa mtupu na umefutwa vumbi. Upande wake hakuna hata tai iliyosogea. Kitanda kimetandikwa. Ukutani, pale ulipokuwa msumari wa kutundikia mkoba wa mkewe miaka yote, msumari haupo, na tundu limezibwa, likapakwa rangi.

Alipitisha kidole gumba hapo, polepole, kama anavyopitisha kwenye kingo za taa.

Palikuwa laini.