Jina Linalofunguka Kwanza

Gladness msusi anasema aliona kwa macho yake. Bimdogo alivuka barabara na hotpoti ya bluu, akapanda ngazi za duka la simenti mpaka chumbani kwa Lukman, yule kijana aliyetengeneza Tule Wapi, programu ya simu ya kutafutia migahawa. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka hakuwa na hotpoti, na alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Machozi ya furaha hayo, dada Modesta," Gladness alisema, vidole vikiwa bado kwenye nywele za mteja. "Mtu akishapewa alichokifuata, chozi lazima."

"Hotpoti ilikuwa na nini?"

"Harufu ilikuwa ya sato wa nazi."

Modesta akarudi kwenye mgahawa wake bila kuaga.

Wiki hiyo Lukman alikuwa ameigeuza Tule Wapi. Zamani ukiifungua ulikutana na ramani, nyota, picha za sahani na matangazo yanayorukaruka. Watu wa Butimba walipotelea humo na njaa zao, wakaishia kununua mihogo ya barabarani. Sasa alikuwa amefyeka yote. Unafungua, linatokea jina moja kubwa la mgahawa, chini yake kitufe cha kuagiza. Basi.

Na jina lenyewe lilikuwa Kwa Bimdogo.

Modesta alifungua asubuhi akiwasha mkaa. Kwa Bimdogo. Akafungua akimenya vitunguu. Kwa Bimdogo. Akaingia ndani zaidi, akaona mwenzake kaweka picha mpya: sato kalazwa juu ya ndizi, kapambwa kwa limau kama bibi harusi. Alipofungua tena jioni, maharage yakaungua.

Hawa wawili walianza na jiko moja. Mmoja akikaanga, mwenzake anasonga ugali. Kisha kila mtu akatoka na sufuria yake, huyu upande huu wa barabara, yule upande ule, na wote wakabaki wanategemea wanachuo wa ualimu. Wanachuo wa siku hizi hawatembei kutafuta chakula, wanabonyeza. Asiyeonekana kwenye simu zao anapikia nzi.

"Wateja wamenikauka," Modesta alimwambia Gladness kesho yake.

"Si chuo kimefunga?"

"Kimefunga kwangu tu? Mwenzangu leo ana mchemsho, na kachumbari anatoa bure."

"Umejuaje, na hujatoka hapo jikoni tangu asubuhi?"

"Najua tu."

Mchana huo alichukua sato mkubwa kuliko wote aliokuja nao kutoka soko la Mwaloni, akamkaanga mpaka mkia ukakauka kama jani, akamfunika kwenye hotpoti. Akavua aproni, akajifunga khanga mpya ambayo ilikuwa haijafuliwa hata mara moja. Gladness alimuona akipanda ngazi za duka la simenti, akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

Lukman alisimama kumpokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea chakula. Najua siku hizi unaletewa, lakini uonje na cha upande wa pili."

"Mtanizoesha vibaya."

Modesta akaiweka hotpoti yake mezani, kando ya ile ya bluu. Ile ya bluu aliijua vizuri. Walikwenda kuinunua pamoja, yeye ndiye aliyechagua rangi.

"Sina maneno mengi," alisema. "Mtoe Bimdogo pale mbele. Kama alikulisha, na mimi nimekulisha. Chuo kikifunguliwa mimi nimefichwa namna hii, nafunga mgahawa, narudi Misungwi kushika jembe. Na jembe, mwanangu, nililikimbia."

"Pale mbele wapi, mama?"

"Usinifanye mtoto." Akatoa simu, akafungua, akamwekea chini ya pua. "Hapo."

Lukman akatazama kioo. Kisha akamtazama yeye, na haraka akashusha macho, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu anaoga.

"Hii ya sasa haina wa kwanza, mama," alisema taratibu. "Kila simu na jina lake. Inaleta ule mgahawa ambao mwenye simu anauchungulia kila saa, asihangaike kuutafuta. Ona yangu."

Akaifungua. Masele Chipsi.

Modesta aliirudisha simu kwenye mkoba, akafunga zipu, akaifungua, akaifunga tena. Chini, kwenye duka la simenti, watu walikuwa wanapakia mifuko na kucheka, naye akajikuta anasikiliza kama wanamcheka yeye.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mwishowe.

"Programu haijui mtu kafungua kwa sababu gani, mama. Inajua kafungua tu."

"Sasa na yeye sato wa nazi alikuletea wa nini, kama hakuna cha mbele wala cha nyuma?"

Lukman akajikuna kisogo. Modesta alikwisha kunyanyuka, anajifunga khanga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Kula hicho kingali cha moto," alisema. "Na nakuomba kitu kimoja tu, mwanangu. Bimdogo asijue kwamba nilikuja hapa kumlalamikia."

Lukman alivuta droo, akatoa simu yenye kava la maua, ambayo Bimdogo alimwachia jana akisema imeharibika, amtengenezee haraka kabla hajapata ugonjwa wa moyo. Akaiwasha, akaigeuzia upande wa Modesta.

Jina lilikuwa moja, kubwa: Kwa Modesta.