Tausi Aliyeacha Faili Mezani

Wanyama fulani walijenga programu kwa hatua, kila hatua na chumba chake, na kazi ikiisha mtambo ulikifagia chumba kikabaki kitupu. Nguchiro, mkaguzi, kila siku alingoja faili za Tausi, mjenzi wa hatua iliyomtangulia, zisizofika, hata Kiboko, mkuu wao, akaja kumfukuza Nguchiro kazi kwa kutokagua lolote.

“Mimi nimemaliza tangu asubuhi,” Tausi akatamba. “Faili ziko mezani kwangu. Huyu bibie ni mvivu tu!”

“Haya, bwana mkubwa,” Nguchiro akasema, “tufungulie tuzione.”

Mlango ukafunguliwa. Hata vumbi halikuwamo.

“Umemaliza, ukamkabidhi nani?” Kiboko akafoka.

Nguchiro akabaki kazini, kicheko hadi masikioni. Siku hizi Tausi humpelekea faili mwenyewe, kazibana mdomoni, na mdomo ukishajaa, majigambo hayana pa kutokea.