Geji ya Mzee Dereva

Waya ulimponyoka Faustini mkononi, na mshale wa geji mpya ya oili ukashuka taratibu hadi sifuri, kama nyuki anayetua mzingani.

Injini ya lori ilikuwa bado inanguruma. Faustini, aliyejikunja chini ya usukani, aliusikia mtetemo wake hadi kwenye meno. Jua la asubuhi lilicheza juu ya kioo cha geji.

Mzee dereva alikuwa amesimama nje, akichungulia dirishani.

"Mbona umeizima injini, fundi?"

Faustini alidhani ni utani. Lakini macho ya mzee yalikuwa yameganda kwenye ule mshale.

Ni mzee huyu aliyemfundisha ufundi, kwa kumwekea mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini. "Sikiliza, mwanangu. Gari halidanganyi." Miaka yote aliwacheka madereva wa kutazama geji. Jana ndipo alipoileta hii mwenyewe, imeviringishwa kwenye leso, akaomba ifungwe mahali pa kuonekana vizuri.

Faustini akaurudisha waya. Mshale ukapanda.

"Eeh, sasa imewaka," mzee akasema, uso umemchangamka.

Nyuma, juu ya magunia ya chumvi, abiria wa kwenda Usevya walikwisha kaa. "Baba, tuondoke, jua linapanda!" mwanamke mmoja aliita. Akaita tena. Mzee aliendelea kuutazama mshale na kutabasamu.

Faustini akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akaufumbata.