Maji ya Mdachi

Mdudu alikuwa anakauka. Ngozi yake laini kama mahameli ilikuwa imesinyaa juu ya jani la mgomba, na vile vijiguu vyake tele vimelegea.

"Niletee mdudu wa aina hii akiwa hai, nami nitamwachia mumeo," Mdachi alikuwa ameahidi. Mume wa Mwaja, muuza kaniki, alikuwa amekamatwa akabebe mizigo ya jeshi. Siku tisa Mwaja alipasua magogo yaliyooza kule msituni Igurwa, akaambulia mmoja tu.

"Shikamoo, bwana. Huyu hapa."

"Ngoja, bibi." Mdachi alikuwa akiandika barua ya kumwachia mumewe.

Mezani palikuwa na chupa ya maji maangavu. Mwaja, binti aliyelelewa katika chuo cha Kurani, alikuwa hajapata kukaa karibu na kileo maishani mwake. Ile harufu kali aliidhania dawa. Akazibua chupa, akammwagia mdudu apate kupoa.

Mdudu akarusha ute mweupe, akajikunja, akatulia tuli.

"Alhamdulillahi, amepata nafuu!"

Mdachi akainua kichwa, akanusa.

"Hiyo ni pombe, bibi. Ya kuwekea wadudu waliokufa."

Barua ilikuwa imebakia kutiwa sahihi tu. Mdachi akafunika kidau cha wino bila kuitia.